Siku Mto Lowa Ulipopanda Mlima

“Kwani mto huo unapanda?”

Aliyeuliza ni kijana wa baria, mahali fulani baada ya Nyabiondo, kwenye njia ya kwenda Walikale. Bunduki yake alikuwa ameiegemeza kwenye mgomba kama mtu aliyeacha jembe akaenda kunywa maji, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ncha za koti langu la mvua ili matone yasiingie kwenye mashini. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya koti hilo, kompyuta mapajani. Tulifika hapo kwa njia ya kawaida kabisa. Aliniambia nifungue begi, nikafungua. Akaona kisanduku cheusi chenye jicho la kioo.

“Hii inapiga picha?”

“Haipigi, inaonyesha tu.”

“Basi onyesha.”

Mtu mwenye kamba ya kufunga barabara akisema onyesha, unaonyesha. Projekta haikuwa na umeme, kwa hiyo nikawasha kompyuta. Somo langu la jiografia likaanza kwa muziki mororo, ramani ya kijani ikafunguka kama ua, kisha mshale mpana wa bluu ukatokea upande wa kushoto, ukateleza juu ya msitu wa Walikale, ukapanda, ukapanda, ukatua Masisi ukitingisha mkia. Ndipo akauliza swali lake.

“Haupandi,” nikamjibu kwa sauti ya ualimu. “Lowa unaanzia kwetu milimani, unashukia Walikale.”

“Hilo najua. Lakini huu wa kwako unatoka Walikale unaenda Masisi.”

Nikatazama tena. Kwa wiki mbili nilikuwa nimelitazama somo hilo asubuhi na jioni, nikarekebisha rangi, nikabadili herufi mara saba, na sikuwahi kuona kwamba nimegeuza mto mzima. Yeye aliona mara moja. Akanitoza ya njia kama abiria wengine wote. Ya ukaguzi wa somo hakunitoza, na hapo alikuwa mwema kuliko wakaguzi kadhaa niliowahi kuwapokea darasani.

Yote hayo yalianza Januari 2020, kwa simu ya prefe mmoja, mkuu wa sekondari kule Walikale-Centre, mtu niliyesoma naye. Alitaka niende kutoa somo la mfano mbele ya walimu wake. “Ndugu yangu, wewe uko karibu na Goma,” akasema, “njoo na teknolojia.” Kukaa karibu na Goma maana yake ni kwamba ninaishi Masisi, kilomita kama 80 za matope kutoka mjini, lakini kwa mtu wa Walikale sisi ni watu wa jiji. Teritwari yao ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, kilomita za mraba 23,475. Yetu ina 4,734, yaani tunaingia ndani yao karibu mara tano, ng’ombe wetu wasipohesabiwa.

Kwetu ni milima, baridi, ng’ombe na fromaji. Kwao ni msitu, joto, na mvua isiyopiga hodi. Kinachotuunganisha ni barabara, ambayo siku nyingi haipo, na mto Lowa, ambao haujawahi kukatika. Unaanzia milima ya kwetu, unapita Walikale-Centre, unaingia Maniema, unapita Punia, mwishowe unamwaga maji yake Lualaba. Nikaona hilo ndilo somo. Mtoto wa Walikale ajue kwamba maji anayoogea jioni yalipita kwanza mbele ya ng’ombe wangu. (Baadaye prefe alinishauri sentensi hiyo nisiirudie mbele ya wazazi.)

Nikashuka Goma kwa dada yangu. Kwake umeme huwa unakuja, na kuna mwanawe, kijana anayeijua kompyuta kama sisi tulivyozijua njia za kisimani. Nikamwambia natafuta chombo cha kuonyeshea somo. Akacheka.

“Chombo kipi, Mjomba? Viko vingi.”

Akaanza kunitajia nasaba. Mzee wa ukoo ni PowerPoint, aliyeanza kuuzwa 1987 kwa kompyuta za Macintosh, wakati huo hata rangi hana. LibreOffice ana Impress wake, wa bure, tangu 2010. Prezi alitoka Budapest 2009. Canva alizaliwa Australia 2013, Kahoot akatokea Norwe mwaka huohuo, na Google naye ana slaidi zake zinazokaa mtandaoni. Mwalimu wa Nairobi au wa Brussels, akasema, anaamka asubuhi anachagua anachotaka, kama mtu anayechagua shati.

Nilijaribu vinne. Sitasema ni vipi, kwa sababu mimi ni mwalimu na sina wakili, tena makosa mengi yalikuwa yangu mwenyewe. Nitawaita kwa majina niliyowapa pale kwenye meza ya dada.

Wa kwanza nilimwita Bibi Harusi. Lo, uzuri! Ukimfungua tu anakumwagia mapambo: maua, fremu za dhahabu, herufi zilizopindana kama nywele za kusuka. Hata neno “mmomonyoko” ukiliandika kwake linakuwa kama mwaliko wa sherehe. Nilipata humo ramani ya mto yenye rangi tamu, nikaiweka, nikaipenda, nikamwita dada aje aione. Nilipoipakua, ramani ikaja imefungwa mistari ya mshazari pande zote, kama kuku aliyefungwa kamba kwa safari. Nikadhani kompyuta imepata ugonjwa. Mpwa wangu akatazama, akasema kwa upole: “Mjomba, hii picha ni ya kulipia. Mahari haijatoka.”

Wa pili nilimwita Mlevi. Huyu hageuzi ukurasa. Anakuchukua, anakurusha angani, anakuzungusha, anakutua kwenye nukta ndogo ambayo ukiikaribia unakuta ndani yake kuna sura nzima ya kitabu. Nilifurahi sana dakika tatu za kwanza. Ya nne nikaomba limau. Dada alipita na sufuria ya sombe, akasimama kidogo kutazama ramani ya Kongo ikizunguka, akauliza kama televisheni imeharibika.

Wa tatu, Karani. Mtu mwaminifu, hana mbwembwe. Kila herufi unayoandika anaihifadhi mwenyewe bila kuambiwa, na watu watano mnaweza kuandika pamoja kwenye slaidi moja, kila mmoja akiwa kijijini kwake. Ila ni mtu wa ofisi. Mtandao ukikatika anafunga dirisha anakwenda zake. Kuna njia ya kumzoesha kufanya kazi nje ya mtandao, na mpwa wangu alinieleza mara mbili kabla sijaamini masikio yangu: ruhusa ya kukosa mtandao unaiomba ukiwa na mtandao. Ukishafika msituni ndipo ukakumbuka, umechelewa.

Wa nne nilimwita Kasino, kwa ajili ya muziki wake. Huyo ni wa maswali. Swali linatokea ubaoni na majibu manne ya rangi nne, kila mwanafunzi anabonyeza rangi kwenye simu yake, pointi zinaruka, mshindi anapanda jukwaani. Mpwa wangu na mimi tulicheza wawili, na mtoto wa jirani wa darasa la tatu akatushinda wote. Nikapiga hesabu ya simu zilizopo katika darasa la Walikale, nikajifanya sikuipiga.

Wakati wote huo mega zilikuwa zinayeyuka. Nilituma mtoto akaninunulie inite za dola tano asubuhi, saa sita za dola tano nyingine, na jioni dada akaniuliza kama mto wenyewe usingekuwa rahisi kuununua.

Mwisho mpwa wangu akatoa hukumu. Tutengeneze somo kwa Bibi Harusi, maana watoto wanapenda uzuri, halafu tulitoe kama video. Video haiulizi mtandao, haiulizi neno la siri, inacheza popote palipo na betri. Nikakubali. Hakuniambia, au aliniambia nikiwa natazama maua, kwamba video ni tofali lililochomwa. Udongo mbichi unaweza kuufinyanga upya ukipenda. Tofali likishatoka tanuruni, lilivyo ndivyo lilivyo.

“Mshale wa mto uingie kutoka wapi, Mjomba?” aliniuliza.

“Kushoto,” nikasema bila kufikiri. Tangu darasa la kwanza tulichapwa tujue kwamba kila kitu kinaanzia kushoto. Sikukumbuka kwamba Lowa haukuwahi kusoma shule ya msingi. Unaanzia mashariki, ambako kwenye ramani ni kulia, unaenda kushoto, kama Mwarabu aandikaye barua.

Safari niliianza na mizigo mitano: kompyuta, projekta ya kuazima, ambayo mwenyewe aliniapisha juu yake, waya mrefu wa umeme, shuka jeupe la dada, na duara moja la fromaji, zawadi ya prefe. Huwezi kutoka Masisi kwenda kumwona mtu bila fromaji. Ufundi huo uliletwa na mapadri wa Ubelgiji, wao wakaondoka, ng’ombe wakabaki. Duara langu lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, ganda lake la manjano, limefungwa kwenye gazeti.

Tulipopita njia panda ya Rubaya, motari wangu, dereva wa pikipiki, alinyoosha kidole upande wa machimbo. Koltani ya huko huingia kwenye simu za dunia nzima, na mbele yetu, ndani ya Walikale, kulikuwa na Bisie, mlima wa kasiteriti, jiwe litoalo bati, ambayo ndiyo hugandisha vipande ndani ya kompyuta. Nikafikiri kwamba huenda sehemu ya mashini iliyokuwa begini ilitoka hapahapa, ikatembezwa kwa mgongo wa mtu, ikapanda meli, ikaenda kusoma Asia. Sasa inarudi nyumbani likizo. Na kama watoto wengi waliosoma mbali, ilipofika kijijini ikakataa kula chakula cha huku: umeme wetu, joto letu, mtandao wetu, vyote vikaiumiza tumbo.

Baada ya yule kijana wa baria kuniamsha, nilikuwa na usiku mmoja wa kuurudisha mto njiani. Walikale-Centre prefe alinipeleka mahali ambapo mtandao hupatikana, nyuma ya jiko la jirani, hatua mbili kutoka kwenye tundu la kuku. Ukienda kulia, mtandao hakuna. Ukienda kushoto, kuku wanalalamika. Nikasimama katikati, mkono mmoja juu na simu, kompyuta juu ya pipa. Baada ya nusu saa ukurasa ukafunguka, ukaniambia haunitambui. Nilikuwa mahali pageni, ukasema, na ili uamini kwamba ni mimi, umetuma namba za siri kwenye simu niliyojiandikisha nayo.

Nilijiandikisha na simu ya mpwa wangu.

Nikampigia. Amelala. Nikampigia dada. Dada akamwamsha. Kijana akasoma namba sita kwa sauti ya mtu aliye ndani ya gunia, nikaziandika, ukurasa ukajibu kwamba muda wake umepita. Tukaomba nyingine. Namba ikaja, mtandao ukaondoka. Mtandao ukarudi, namba ikazeeka. Saa tano usiku betri ilizimika, na mto Lowa ukalala ukiwa bado unapanda.

Asubuhi, darasa lilikuwa na wanafunzi 62, mashati meupe na bluu ya sare, walimu wamepanga viti nyuma, prefe katika tai. Ubao wa ukutani ulikuwa umejaa hesabu za mwalimu mwenzetu, na juu yake maneno makubwa kwa chaki nyekundu: USIFUTE. Tukatundika shuka la dada juu ya hesabu. Lilipokunjuka ndipo nilipoona kwamba dada alinipa lile la mahari yake, limedariziwa nyuzi za waridi kwenye kona ya juu: Lala Salama.

Grupu, yaani jenereta, ikawashwa nje. Petroli nilinunua lita tatu kwa kadafi wa barabarani, kwenye chupa za mafuta ya kupikia, na kadafi aliniapia kwa mama yake kwamba haina maji. Projekta ikafungua jicho. Picha ikatua chini ya shuka, karibu na sakafu, kwenye miguu ya meza. Ilihitaji kuinuliwa. Tukajaribu daftari za mahudhurio, zikateleza. Tukajaribu tofali, likainua mno, mto ukaenda darini. Prefe akageuka, akaona zawadi yake mezani, akaitoa kwenye gazeti, akaisukuma chini ya projekta. Picha ikakaa katikati ya shuka kabisa.

“Umeona,” akawaambia walimu wake kwa fahari, “Masisi wanafikiria mbele.”

Video ikaanza. Muziki, ua, ramani. Darasa likavuta pumzi kwa pamoja, na nakiri moyo wangu ulinenepa. Kisha mkono ukanyooka safu ya pili.

“Mwalimu, hii mistari ya mshazari ni latitudo?”

Ilikuwa mistari ya mahari. Nilitaka kueleza, nikakumbuka walimu wako nyuma wanaandika. Nikasema hiyo ni mistari ya mwenye ramani. Watoto 62 wakainamisha vichwa wakaandika: mistari ya mwenye ramani.

Mshale ukatokea kushoto. Nilikuwa nimepanga kukohoa wakati huo huku nikieleza kwa mkono uelekeo sahihi, lakini mshale ulikuwa na sauti, ulipiga kama filimbi, na hakuna aliyetazama mkono wangu. Darasa likanyamaza. Nyuma kabisa akasimama kijana mrefu ambaye, nilielezwa baadaye, hutega samaki kila alfajiri kabla ya shule.

“Mwalimu, samahani. Mimi niko ndani ya maji hayo kila siku. Hayajawahi kwenda huko.”

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo kuliko wao. Nikasimamisha video, nikasema teknolojia hukosea kama binadamu, sasa tufungue faili la akiba. Mpwa wangu alikuwa amenitengenezea, kwa tahadhari, slaidi za kawaida za yule mzee wa 1987, zisizohitaji mtandao wala mahari. Kuzitandaza zijae shuka lote unabonyeza F5. Kwenye mashini ile F5 ilikuwa shimo. Mtoto wa dada aliing’oa zamani akiitafutia gari lake gurudumu. Kuna njia nyingine ya kufika huko, nimeijua sasa. Siku hiyo nilizionyesha zilivyo, pamoja na vidirisha vyote vya pembeni, kama mtu anayepokea wageni huku amevaa taulo.

Somo liliandikwa kwa Kifaransa, kama inavyotakiwa sekondari, na mashini ilikuwa inajua Kifaransa cha kwao tu. Chini ya Nyabiondo ikachora mstari mwekundu wa mawimbi. Chini ya Kashebere, mawimbi. Kibua, Mpofi, Walikale, Lowa, mawimbi matupu. Nilikuwa nimeandika Belgique mahali fulani, kwa sababu ya mfano wa ukubwa. Hiyo ilipita safi. Kumbe Ubelgiji ni nchi, Walikale ni kosa la tahajia.

Sikuwa na muda wa kuona uchungu, maana darasani kila mtoto ana bic mbili, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kupigia mstari vichwa vya habari. Bic nyekundu 62 zilikuwa tayari zinafanya kazi. Nikapita kati ya madawati. Daftari baada ya daftari, mawimbi mazuri kabisa chini ya kila jina, mengine na vivuli. Msichana mmoja aliniuliza huo mto mwekundu unaopita chini ya Kibua unaitwaje, maana kaka yake anaishi Kibua na hajawahi kuutaja.

Ni wakati huo nilipoanza kusikia harufu.

Projekta inapumua hewa ya moto, kila aliyewahi kukaa karibu nayo anajua. Na joto la Walikale saa nne asubuhi halihitaji msaada. Fromaji ya kwetu imezoea baridi. Ng’ombe wake wenyewe huamka na umande mgongoni. Chini ya kile kisanduku ilianza kutoa jasho, kisha kulegea, kwanza upande wa mbele. Picha kwenye shuka ikaanza kushuka. Taratibu, bila haraka, kama jua la jioni. Lala Salama ikabaki peke yake juu, na chini yake Masisi ikashuka, Nyabiondo ikashuka, Walikale ikazama nyuma ya meza. Mwanafunzi mmoja mbele akanong’ona, “Sasa unashuka,” na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi juu ya mto huo tangu mwanzo.

Nilikuwa nakimbilia kuokoa projekta ya watu wakati grupu ilipokohoa mara tatu ikafa. Motari akachomoa kifuniko, akanusa. Kadafi alikuwa ameapa kwa mama wa mtu mwingine.

Prefe hakutaka kushindwa mbele ya walimu wake. “Fanya yale maswali ya rangi,” akanisukuma. Nikauliza nani ana simu. Zikatoka tatu, moja ya tochi tu. Basi tukacheza Kasino bila kasino. Kijani ikawa jani, manjano ndizi mbivu kutoka kikapu cha mama anayeuza mlangoni, nyekundu punje za ngazi za mchikichi, na bluu, kwa kuwa hatukupata kitu cha bluu, kila mtu ajipige paja kwenye sare. Mchezo ulikuwa mtamu kupita nilioucheza Goma. Ila baada ya maswali sita niligundua kwamba jibu la bluu lilikuwa linashinda kila mara, sahihi au si sahihi, kwa sababu kujipiga paja kunafurahisha zaidi kuliko kuinua jani. Na kufikia swali la saba, ndizi zilikuwa zimeliwa.

Ubaoni siwezi kuandika, USIFUTE imeniangalia. Nikawatoa nje. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha uwanja, na uwanja wenyewe una mteremko. Tukafanya rundo la udongo kuwa Masisi, yule mvuvi akachora kwa kijiti mkondo anaoujua mwenyewe, pamoja na kona moja ambayo sikuiona kwenye ramani yoyote, halafu tukamwaga ndoo ya maji juu ya rundo. Maji yakaenda yanakojua. Wakati fulani niliwakanyagia ukingo mkondo ukahama, nikauhamisha tena kwa kidole cha mguu, na sikuombwa namba za siri. Lualaba, kwa bahati ya mteremko, ikaangukia upande wa vyoo. Hilo wanafunzi walilipokea kwa heshima yote ya kitaaluma inayostahili.

Mchana walimu waliila fromaji kwa bugali. Ilikuwa na alama nne za miguu ya projekta, na prefe alisema ladha haijapungua. Nilirudi Masisi kwa njia ileile. Kwenye baria yule kijana hakuwepo. Nilisikitika kidogo, nilitaka kumwambia.

Wiki chache baadaye, Machi 2020, ugonjwa ukaja na shule zote nchini zikafungwa. Kila mtu akawa anazungumzia masomo ya mtandaoni, na mpwa wangu alinitumia orodha ya vyombo vipya kumi na moja. Sikufungua. Radio Okapi ikaanza kurusha masomo hewani, nami nikawa nayasikiliza nikiwa nakamua: hakuna slaidi, hakuna mshale, na mito yote ya redio, nilivyoelewa, ilikuwa inashuka.

Katika siku hizo ndipo motari alipoleta bahasha kutoka kwa prefe, imekunjwa mara nne na ina tope la njia nzima. Kabla shule hazijafungwa alikuwa amewapa watoto intero, yaani jaribio, juu ya somo langu, na alitaka nione karatasi moja. Swali lilikuwa fupi: eleza safari ya mto Lowa. Mwandiko ulikuwa safi, majina yote yamepigiwa mawimbi mekundu kwa rula na uvumilivu. Jibu lilisema hivi: mto Lowa unatokea kushoto ukipiga filimbi, unapanda hadi Masisi, unakaa hapo muda, halafu fromaji ikilainika unaanza kushuka polepole mpaka unapotea nyuma ya meza.

Prefe alikuwa amempa sita juu ya kumi. Pembeni, kwa bic nyekundu, aliandika: “Huyu alikuwa anafuata.”